Jina la Mtoto wa Inkubeta ya Tatu

Nilibatiza watoto wa watu bila ruhusa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nililikana jambo hilo. Nililikana mbele ya meneja wa wauguzi, nikalikana mbele ya mama mwenye mtoto, na nikajaribu kulikana hata mbele ya Kerubo, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu nikilifanya. Petro alipokana, jogoo aliwika, naye akatoka nje akalia. Mimi nilikuwa Kitengela, ambako jogoo huwika saa yoyote anayojisikia, kwa hivyo sikupata dalili ya kunisaidia.

Mlipokata keki ya kuniaga mwezi wa tatu, mliniomba niwaandikie manesi wapya wa chumba cha watoto wachanga ukurasa mmoja. Mwende alisema, "Sista Njeri, andika tu vitu vya kusaidia, usianze kuhubiri." Nimeshindwa na ukurasa mmoja, na hilo la kuhubiri mtaamua wenyewe. Vyeo sitavieleza, na mshahara mnaujua.

Nilianza kazi katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Kajiado, miaka ambayo pundamilia bado walilisha nyuma ya maduka ya Kitengela. Chumba cha watoto kilikuwa na inkubeta mbili. Moja ilifanya kazi. Nyingine tuliwekea taulo. Mkuu wa chumba alikuwa Sista Fransiska, mtawa na mkunga, mwanamke mfupi aliyetembea kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Asubuhi yangu ya kwanza aliniuliza, "Mtoto akiletwa, unaanza na nini?"

Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa. Nikamwambia ninaanza na uzito.

"Unaanza na kofia," alisema. "Joto linatorokea kichwani. Uzito hautatoroka."

Hilo nawapa kama nilivyopewa: kofia kwanza. La pili ni kipima-moyo. Kikae kwapani mwako dakika moja kabla hujakiweka kwenye kifua cha mtoto. La tatu lilinichukua muda kulijua, kwa sababu halikuwa la vitabuni. Wiki ile ile nilimshika mtoto wa mama mmoja Mmaasai ili nimbadilishe nepi, na Sista Fransiska akaninyang'anya.

"Umemsalimu mama yake?"

Nikasema nilimwambia habari yako.

"Hiyo ni ya dukani. Mwambie Takwenya. Yeye ataitika, Iko. Kabla hajaitika usiguse mtoto."

Nilifanya hivyo. Mama aliitika, kisha akanipa mtoto yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

Kwenye dirisha la chumba kile kulikuwa na chupa ya maji yaliyochemshwa, bomba dogo la sindano lisilo na sindano, na daftari la samawati. Nilidhani ni vifaa vya kusafishia macho. Siku mtoto wa kwanza alipotushinda kuokoa, Sista Fransiska alienda kwa mama kitandani, akainama, akamuuliza jambo kwa sauti ndogo. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akachukua ile chupa, akaishika chini ya bomba la maji moto mpaka ikapata joto, akavuta maji kidogo kwa lile bomba la sindano, akayadondosha kwenye paji la uso la mtoto: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Akaandika jina kwenye daftari. Kila mwisho wa mwezi padre alikuja kuyanakili.

"Maji yawe vuguvugu," aliniambia akikausha mikono. "Huyu ametoka mahali pa joto juzi tu. Na usiwabatize wote Maria. Siku ya mwisho wakiitwa Maria utasimama umati, na mama zao watapotezana nao."

Lazima niwaeleze wale ambao hawakulelewa kwetu. Sisi tulifundishwa kwamba mtu asiyebatizwa hauoni uso wa Mungu. Kwa mtoto mchanga, ambaye hajapata nafasi hata ya kumtukana jirani, makatekista wa zamani walisema kuna mahali pa kando panapoitwa Limbo: hakuna moto, hakuna kilio, lakini Mungu hapiti huko. Nikiwa mdogo nilipafikiria kama benchi la nje ya kliniki, watoto wamekaa kwa foleni na mlango haufunguliwi. Nimesoma mengi tangu wakati huo, lakini lile benchi halikutoka kichwani. Nilimuuliza Sista Fransiska kama analiamini.

"Sijui Mungu anawafanyia nini," alisema. "Ninachojua ni kwamba nilikuwa na maji."

Jibu hilo nilibaki nalo mpaka nikastaafu. Ile sehemu ya kuinama na kumuuliza mama niliipoteza njiani.

Niliipoteza Kitengela. Nilihamia hospitali ya watu binafsi ambayo sitaitaja, kubwa, yenye inkubeta sita zinazofanya kazi zote, na hakuna chupa dirishani. Hapo ndipo nilipompata Kerubo, Msabato kutoka Kisii, nesi hodari kuliko mimi na asiyeweza kukaa na jambo moyoni kupita saa ya chai. Aliniona mara ya kwanza nikidondosha maji. Alisubiri mpaka tulipokaa na vikombe.

"Njeri, wewe unasumbuka bure. Mtoto akikufa amelala. Hajui kitu mpaka parapanda ilie. Hakuna benchi, hakuna foleni."

"Na akiamka siku hiyo, atapewa nani?"

"Mama yake. Malaika atambeba mpaka kwa mikono ya mama."

"Na kama mama hakufika huko?"

Kerubo alichovya mandazi akafikiri. "Hiyo sasa ni kazi ya malaika. Wewe kunywa chai."

Tulibishana hivyo miaka mingi bila kukasirikiana. Siku nilizochoka nilitamani imani yake, kwa sababu ilikuwa na usingizi ndani yake.

Kisha baba mmoja, mlokole, akanikuta. Mtoto wake hakufa, kwa bahati nzuri. Alipona na sasa huenda ni mtu mzima anayelipa kodi ya nyumba. Lakini baba aliona maji kwenye paji la mwanawe akaenda ofisini. "Kwetu mtu anabatizwa akijua anachofanya," alisema, na nilimsikia kupitia mlango. "Mtoto wangu ataamua mwenyewe. Nyinyi mmepewa kazi ya kumtibu, si kumwamulia." Alikuwa na haki, na nilijua wakati ule ule kwamba alikuwa na haki, jambo ambalo halikunizuia hata kidogo.

Meneja alituita sote. "Nauliza mara moja. Nani anamwagia watoto maji?"

Macho yake yalipofika kwangu nikasema, "Si mimi." Akasema atakayepatikana atafukuzwa, akafunga mkutano.

Kerubo alinifuata mpaka kwenye sinki. "Umedanganya, tena baada ya maombi ya asubuhi."

"Sikudanganya. Sikusema kitu."

"Ulisema 'Si mimi.' Hayo ni maneno mawili."

Wiki mbili baadaye akaletwa Nasieku.

Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, kutoka upande wa Ewuaso Kedong, amekuja kukaa kwa dada yake Kitengela ili awe karibu na hospitali. Presha ilipanda, akavimba mikono na uso, ikabidi afanyiwe upasuaji kabla ya wakati. Mtoto alikuwa msichana mdogo kuliko mkate wa asubuhi. Tukamweka inkubeta ya tatu, karibu na dirisha, na kofia nyeupe ya kufumwa iliyomfika puani. Mama akalazwa orofa ya juu na dripu mbili. Hakuwa amemwona mwanawe ila kwa mbali, akipitishwa.

Niseme pia, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata, kwamba mwezi ule mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kupoteza mimba ya pili. Nilirudi kazini siku ya nne. Nyumbani palikuwa kimya mno, na hospitalini angalau kulikuwa na mashine za kulia.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mtoto akaanza kusahau kupumua. Mnajua inavyokuwa. Unampiga nyayo kwa kidole, anakumbuka. Dakika chache anasahau tena. Daktari alikuja, tukafanya yote yaliyokuwa katika uwezo wetu, na mengine mawili matatu yasiyokuwemo. Kisha daktari akanitazama, akatoka kwenda kuandika.

Ngazi za kwenda orofa ya juu ni ishirini na mbili. Nimezihesabu baadaye mara nyingi. Ningeweza kupanda nikamuuliza Nasieku jambo moja, akaniambia ndiyo au hapana. Hata angeweza kushushwa kwa kiti cha magurudumu. Nilijiambia hakuna muda. Muda ulikuwepo. Nilipata muda wa kupasha maji.

Nilisogeza kofia juu kidogo, nikambatiza, nikampa jina. Kerubo alikuwa nyuma yangu na taulo. Hakunizuia, aliinamisha kichwa, na alipokiinua akasema, "Amelala." Ilikuwa saa nane na dakika chache, jua limejaa chumbani.

Nasieku alishushwa saa ile ile. Tulimfunga mtoto kwa shali, tukamweka mapajani pake na ile kofia yake. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Sista, kuna mtu alimwombea?"

"Tunaombea watoto wote kila asubuhi."

"Si hiyo ya wote. Yeye. Kuna mtu alimwekea maji?"

Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria pia lile jina, ambalo ghafla niliona haya kulitamka mbele yake. Mkono wangu wa kulia ukaingia mfukoni wenyewe.

"Hapana," nilisema.

Alishika kofia ya mtoto kwa mbele, kisha akaiachilia.

Yaliyomkuta nyumbani niliyasikia kutoka kinywani mwake miaka miwili baadaye, alipojifungua mtoto wa pili hapo hapo kwetu. Huyu alikuwa mvulana, mapema kidogo lakini mwenye sauti, naye akakaa nasi wiki mbili. Jioni Nasieku alipokuwa akikamua maziwa alizungumza, bila kulalamika, kama mtu anayesimulia safari. Yeye na mumewe walikuwa katika darasa la ubatizo wakati ule. Katekista wao, mzee mwema, alisema anaweza kuwaombea wazazi, ila kwa mtoto hana sala, kwa kuwa hakubatizwa na hatuwezi kusema yuko wapi. Mama mkwe naye, kwa upole, alimwambia kwamba mtoto aliyekwenda kabla ya kupewa jina haulizwi wala hatajwi. Wote wawili walimtakia mema. Kati ya wema wao hakubaki na kitu cha kumshika mtoto: kanisani hakuwa na mahali, nyumbani hakuwa na jina.

Mvulana alikuwa tayari na jina, Lemayian. Safari hii Nasieku hakutaka kungoja sherehe ya kutoa jina. Nasi manesi, kama kawaida yetu, tukamwita kwa mtoto.

"Mama Lemayian, njoo unyonyeshe," Kerubo aliita siku moja.

Alikuja, akakaa, akamweka mtoto kifuani. "Mimi si Mama Lemayian," alisema. "Lemayian ni wa pili. Mtu anaitwa kwa wa kwanza."

"Sasa tukuite Mama nani?"

"Hiyo sijui. Labda nyinyi ndio mnajua."

Aliniangalia mimi. Nikageuka kukagua dripu ambayo haikuwa na shida yoyote.

Baada ya kitambo akamgeukia Kerubo. "Nyinyi Wasabato mnasema wataamka. Akiamka, atakuwa amekua ama bado mdogo?"

"Mdogo vile alilala," Kerubo alisema. "Atakulia huko, na wewe ukimlea."

"Basi nitamjua aje? Mimi hata macho yake sikuyaona. Watoto watakuwa wengi hapo, na kila mama anaita wake. Mimi nitaita nani?"

Kerubo akaanza kukunja upya nepi zilizokwisha kukunjwa. Nasieku akaniita. "Sista Njeri. Siku hiyo wewe ndio ulikuwa zamu. Hakuna kitu ulimfanyia?"

"Hakuna," nilisema, na mkono ukaingia mfukoni.

Kerubo hakunisemesha siku mbili. Kwake hiyo ni miaka.

Baada ya hapo nilifanya kile wanachofanya watu wanaotaka kuukimbia ukweli kwa heshima: nilirudi chuo kikuu. Nilisoma jioni na wikendi mpaka nikapata shahada, na tasnifu yangu, naomba msicheke, ilihusu ridhaa ya mgonjwa. Niliandika kurasa nyingi kuhusu wajibu wa muuguzi kuuliza kabla ya kutenda. Wasimamizi waliisifu kwa kuonekana imetokana na uzoefu.

Nikakabidhiwa funguo za chumba, nikawa mkuu. Na Mwende, wewe unajua kinachofuata. Mwaka wako wa kwanza nilikukuta umemwekea mtoto mkono kichwani, chupa ya maji kando yako, nikakuandikia barua ya onyo yenye vifungu vinne. Ulilia chooni. Ulikuwa umemuuliza mama kwanza. Ulijaribu kuniambia, sikukupa nafasi. Ile barua nimeomba iondolewe kwenye faili lako. Wamesema haiwezekani, ila wataweka na hii karatasi nyuma yake.

Niliacha kubatiza zamani kabla ya hapo. Mtoto wa inkubeta ya tatu alikuwa wa mwisho. Lakini sikuacha kumfikiria, na kadiri nilivyozeeka ndivyo lile benchi la Limbo lilivyozidi kuwa na mtu mmoja tu. Nilimwendea padre kijana wa parokia yetu nikamwambia yote, isipokuwa jina. Akaniambia kwa utaratibu kwamba Kanisa siku hizi linawakabidhi watoto kama hao kwa huruma ya Mungu, na kwamba tuna sababu ya kutumaini kuwa wako salama, wawe wamebatizwa au hawakubatizwa.

"Kwa hivyo maji yangu hayakuwa na kazi?"

"Sakramenti haiwi bure, mama."

"Lakini hata bila hayo Mungu angempokea."

"Tunatumaini hivyo."

"Basi nani alikuwa anangoja pale kwenye benchi?"

Padre alidhani ni swali la kitheolojia, akaniazima kitabu. Nilijua jibu kabla ya kufika barabarani. Mtoto hakuwa akingoja chochote. Mama yake ndiye aliyekuwa amekaa kwenye benchi, na mlango ulikuwa mikononi mwangu.

Nimefikiria sana siku ya hukumu, na kwa kuwa akili yangu ni ya wodini, naiona kama ripoti ya kubadilishana zamu. Unasimama kando ya kila kitanda na kusema: huyu alikuwa hivi, nikamfanyia hivi, kilichobaki ni hiki. Anayepokea zamu hana hasira. Anataka tu kusikia kila kitu, kwa sababu kitu usichokisema ndicho kitakachomdhuru mgonjwa. Kwa inkubeta ya tatu nilikuwa nimetoa ripoti pungufu, nikaenda nyumbani.

Mwezi wa pili, wiki chache kabla ya keki yenu, kijana mmoja mrefu alikuja kumtazama mkewe aliyejifungua. Niliona jina lake kwenye kitabu cha wageni. Lemayian. Anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe hapa Kitengela. Viatu vyake viliacha vumbi jeupe mpaka mlangoni. Nilimsimamisha kwenye korido nikamwomba namba ya mama yake.

"Mama? Amefanya nini?"

"Yeye hakufanya kitu," nilisema.

Aliniandikia namba kwenye kiganja cha glavu, akaniambia huko kwao network iko juu ya kilima tu, nimtumie ujumbe na atanipigia akipanda na mbuzi. Ile glavu nilikaa nayo miezi miwili. Nilistaafu, nikasafisha kabati langu, nikaihamisha kutoka mkoba mmoja hadi mwingine. Kerubo, aliyestaafu kabla yangu na kurudi Kisii, alikuwa akinipigia kila Jumapili.

"Umempigia?"

"Bado natafuta maneno."

"Maneno ni mawili, kama yale ya kwanza. Sema 'Ni mimi.'"

Kabla sijafika mwisho, kazi. Sitawaambia mbatize wala msibatize. Mnatoka makanisa mbalimbali, na wengine wenu hamtoki popote, watoto hawaulizi. Ila mtoto anapoelekea kuondoka, panda ngazi. Mshushe mama kwa kiti. Mwambie kinachotokea, kisha muulize anataka nini afanyiwe mwanawe. Akisema ndiyo, pasha maji, na jina alitoe yeye. Akisema hapana, shika mkono wa mtoto na unyamaze. Lolote utakalolifanya, liandike, na akikuuliza, umwambie siku hiyo hiyo. Bomba la sindano liwe dogo. Kofia usiivue.

Alhamisi iliyopita nilituma ujumbe. Niliandika: Mimi ni Sista Njeri wa Kitengela, nipigie ukipanda. Kisha nikakaa nje na sinia la maharagwe, nikachambua yale yale mara mbili. Saa kumi simu ikalia. Nilisikia upepo kwanza, na kengele ya mbuzi.

"Ni wewe, Sista?"

"Ni mimi," nilisema, na yaliyobaki yakatoka kwa mkupuo. "Nasieku, yule mtoto wa kwanza. Nilimbatiza. Nilikudanganya. Uliniuliza mara mbili na nikakudanganya mara mbili."

"Najua," alisema.

"Unajua aje?"

"Kofia ilikuwa na maji. Hapa mbele. Nilishika nikasikia."

"Kwa nini hukuniambia unajua?"

"Nilikuuliza, Sista. Niliuliza vizuri. Nilikuwa nangoja wewe useme, si mimi."

Nilisema anisamehe. Akasema, "Ngoja kwanza. Alifungua macho?"

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu, hata padre. "Alifungua. Maji yalipomgusa. Mara moja tu, lakini aliyafungua yote. Yalikuwa meusi, makubwa. Akakunja paji la uso kama mtu ameamshwa kabla ya saa."

"Hiyo ni uso ya mamangu," alisema. "Kila asubuhi yuko hivyo." Kisha: "Na jina?"

Nilitazama maharagwe. "Sesilia."

"Sesilia ni nani?"

"Ni mimi. Ni jina langu la ubatizo, hospitali hawalitumii. Sikuwa na jina lingine mdomoni. Siku zile nilikuwa nimepoteza wangu. Nikampa wako jina langu, bila kukuuliza."

"Ulipata mwingine?"

"Sikupata."

Mbuzi mmoja alilia karibu na simu, naye Nasieku akamfukuza kwa Kimaasai. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sesilia," alisema polepole, kama anayejaribu kiatu. Akalisema tena. "Sista, siku ya hukumu mimi nitakusemea. Nitasema maji yalikuwa na joto, sababu kofia haikuwa baridi. Lakini kwanza nitakushtaki kidogo."

"Ni haki yako."

"Miaka ishirini na tatu watu wananiita Mama Lemayian, na mimi naitika tu."

"Ni haki yako," nilisema tena.

"Na hata leo umeanza kuongea bila salamu. Mtu mzima kama wewe. Anza tena."

Nikaweka sinia chini, nikakaa wima.

"Takwenya, Mama Sesilia."

"Iko," akaitika.